Kabla hujaandika t, sema ni saa ya nani

Wadogo zangu wa fizikia, nimemaliza kupitia ripoti zenu za muhula huu. Makosa ni yaleyale ya waliowatangulia, mengine hata maneno hayajabadilika, maana desa linalozunguka vimbwetani, yaani madokezo mnayorithishana, ni lilelile. Nawapenda, ndiyo maana sinyamazi. Karibu kila kosa lina mzizi mmoja: mnaandika t, alama ya wakati, kana kwamba kuna saa moja kubwa imetundikwa juu ya ulimwengu na kila kitu kinaisoma hiyo. Haipo. Kila t ni ya saa fulani, iliyo mahali fulani, iliyoanza kuhesabu kutoka tukio fulani.

1. Rekodini kwa UTC (saa rasmi ya kimataifa), pamoja na tarehe.

Hapa Dar nyumbani tunahesabu saa kuanzia macheo, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na majedwali ya wanaastronomia yanatumia UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Hesabu zote tatu ni halali. Kuchagua sifuri iwe wapi hakubadilishi urefu wa muda hata kidogo, mradi usichanganye.

Kundi moja la mwaka wa pili lilichanganya. Walipanda juu ya paa na darubini ndogo kuangalia Io, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii, ikizama kwenye kivuli cha sayari hiyo. Lengo lao lilikuwa kupata muda wa mzunguko wake, kisha kwa sheria ya tatu ya Kepler (inayohusisha muda wa mzunguko, umbali na tungamo) wapate tungamo la sayari yenyewe. Ni mradi mzuri sana, na ningefurahi kila kundi liufanye. Io huzunguka kwa saa 42 na dakika 28 hivi, kwa hiyo mizunguko minne inachukua siku saba na karibu saa mbili. Ukiliona tukio Jumanne jioni, Jumanne inayofuata unalipata tena, limesogea mbele kidogo.

Jumanne ya kwanza aliyeshika daftari aliandika 19:45. Ya pili daftari lilishikwa na mwingine, akaandika 3:40, yaani saa tatu na dakika arobaini usiku, kama anavyosema kila mtu nyumbani kwao. Aliyepiga hesabu hakuwepo paani. Akaisoma kuwa ni alfajiri, tarehe ileile. Io yao ikazunguka kwa saa 38, na Mshtarii ukawa mzito kwa robo nzima kuliko ulivyo.

Wakaanza kutafuta mchawi. Kwanza mawingu, halafu lenzi, halafu mkono uliotetemeka. Mmoja akamkumbuka mwanaastronomia Rømer, ambaye mwaka 1676 alitumia kupatwa huku huku kwa Io kuonyesha kwamba mwanga huchukua muda kusafiri, akasema basi ni mwanga umechelewa. Nilifurahi kwamba anamjua Rømer. Lakini Dunia huenda kilomita 30 kwa sekunde. Kwa wiki moja haiwezi kubadilisha safari ya mwanga kwa zaidi ya dakika moja hivi, na hapa zilikuwa zimepotea saa kumi na nane! Hakuna aliyerudi kufungua daftari. Nilipowaonyesha mstari wenyewe, aliyeuandika akabisha kwa uchungu: "Lakini kaka, ilikuwa saa tatu na dakika arobaini kweli." Kweli ilikuwa. Hakudanganya, ila hakusema ni kwa hesabu ipi.

Lililoniuma ni walichofanya kabla ya kuja kwangu. Walikesha wakipanua ukomo wa makosa kwenye grafu mpaka thamani ya kitabuni ikaingia ndani, wakaandika kwamba matokeo yanakubaliana. Hilo msilifanye kamwe. Jibu lililokosewa na kuachwa wazi linatibika. Lililofichwa linamfundisha mwenye nalo kutoamini tena macho yake, na mtu huyo tumempoteza hata kama amefaulu.

2. Mapacha wa Einstein.

Pacha mmoja anabaki nyumbani, mwenzake anasafiri kwa kasi kubwa mno kisha anarudi. Mnaandika "kila mmoja anaona saa ya mwenzake inachelewa" mnafunga ukurasa. Nani basi atakuwa mzee wakikutana? Saa hupima urefu wa njia yake yenyewe katika nafasi na wakati, na njia ya aliyekwenda, akageuka na kurudi ina wakati mchache. Ni tendo la kugeuka linaloondoa usawa kati yao. Nendeni mkajizoeze kwa muoni, chembe ndogo inayovunjika upesi: huzaliwa kilomita 15 hivi juu yetu, na kwa saa yake yenyewe huishi wastani wa mikrosekunde 2.2, muda ambao hata mwanga ungekwenda mita 660 tu. Bado zinanyesha juu ya Kariakoo usiku na mchana. Kwa saa yetu zimeishi muda mrefu. Kwa saa yao ni angahewa lililokuwa jembamba. Fanyeni hesabu pande zote mbili, jibu lazima liwe moja.

3. Satelaiti za GPS: mvutano dhaifu huko juu unaziharakisha saa zake mikrosekunde 45 kwa siku, mwendo unazichelewesha 7, zinabaki 38; zidisha kwa kasi ya mwanga uone kosa la zaidi ya kilomita 11 kwa siku, na ujue kuzikokotoa athari zote mbili bila desa, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inaulizaga.

4. "Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8." Kwa saa ya nani?

Kwa saa iliyotulia kulingana na mnururisho wa kale, yaani mabaki ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu, ule walioutangaza Penzias na Wilson mwaka 1965, ambao uliachiwa ulimwengu ukiwa na miaka 380,000 hivi. Sisi hatujatulia: Jua linakwenda kama kilomita 370 kwa sekunde kulingana na mnururisho huo. Chukueni saa ya kufikirika iliyokwenda kasi hiyo tangu mwanzo, mtaona imepungukiwa miaka kama 10,000. Ni kidogo mno mbele ya bilioni 13.8, na ndiyo maana tunathubutu kutaja umri mmoja. Lakini lazima ujue ruhusa hiyo umeipata wapi. Na tafadhali, mpaka wa tunachoweza kukiona hauko miaka nuru bilioni 13.8 kutoka hapa. Uko kama bilioni 46, kwa sababu nafasi imetanuka wakati mwanga uko njiani.

5. Mshale wa wakati.

"Entropia huongezeka, ndiyo maana wakati unakwenda mbele." Entropia ni kipimo cha mvurugiko, na sentensi hii naikuta kila mwaka. Someni hoja ambayo mwanafizikia Loschmidt alimbana nayo mwaka 1876 mwenzake Boltzmann, aliyeieleza entropia kwa takwimu za molekuli: geuza mwendo wa kila molekuli, na sheria za Newton hazitalalamika. Takwimu zilezile zinazosema kesho entropia itakuwa kubwa zaidi, ukizielekeza nyuma zinasema hata jana ilikuwa kubwa zaidi, na hilo si kweli. Kinachookoa hoja ni sharti la kuongeza: kwamba mwanzoni kabisa entropia ilikuwa ndogo mno. Sharti hilo halitoki kwa Newton wala kwa Boltzmann, na kwa nini mwanzo ulikuwa hivyo ni swali ambalo wanakosmolojia bado wanaligombania. Atakayetaka kulifanyia mradi wa mwaka wa mwisho aje anione, aje ameshapiga msuli kwenye takwimu.