redirect_to haikatishi methodi yako

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekwama na kosa la DoubleRenderError (kuandika jibu la ombi moja mara mbili) katika Rails, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Ruby. Anauliza alinase vipi kwa rescue, neno la Ruby la kunasa makosa, ili mtumiaji asione ukurasa wa 500 (hitilafu ya seva). Tafadhali usilinase. Kosa hilo ni dalili tu. Ugonjwa uko mistari miwili juu yake, na huenda data imeshaharibika kabla kosa halijatokea.

Kodi yenyewe, nikiipunguza, iko hivi:

```ruby
def update
  kitabu = Kitabu.find(params[:id])
  redirect_to root_path unless kitabu.mmiliki == mtumiaji
  kitabu.update(vigezo)
  redirect_to kitabu
end
```

Isome polepole. Mtu asiye mmiliki anatuma ombi. redirect_to ya kwanza inaandika jibu la kumwelekeza kwingine: msimbo 302 na heda ya Location yenye anwani mpya. Basi, haifanyi zaidi ya hapo. Methodi inaendelea, update inahifadhi mabadiliko kwenye hifadhidata na kufunga muamala wake. Ndipo redirect_to ya pili inapotaka kuandika jibu juu ya jibu, na Rails inagoma. Mvamizi anaona 500, wewe unaona kosa kwenye logi, na nyote mnaamini ombi limekataliwa. Kumbe kitabu kimeshabadilishwa.

Kosa hili huwanasa kirahisi waliozoea Sinatra, mfumo mwingine wa wavuti wa Ruby. Kule redirect huita halt ndani kwa ndani, na halt hukata papo hapo. Katika Rails, render (ya kuonyesha ukurasa) na redirect_to hujaza jibu tu. Kukatisha ni kazi yako:

```ruby
return redirect_to(root_path) unless kitabu.mmiliki == mtumiaji
```

Utakutana pia na `redirect_to root_path and return`. Inafanya kazi, ila usibadilishe and kuwa &&. Alama ya && hushika kwa nguvu zaidi, hivyo Ruby husoma `root_path && return` kama hoja moja ya redirect_to. return inatekelezwa kwanza, redirect_to haiitwi kabisa, na kwa kuwa update kwa kawaida haina kiolezo chake (faili la ukurasa), mtumiaji anapata 204, yaani jibu tupu. Anabofya, ukurasa hausogei.

Kuhamishia ukaguzi kwenye methodi ndogo unayoiita ndani ya update hakusaidii: return ya humo hutoka kwenye hiyo methodi ndogo peke yake. Mahali pake ni before_action, yaani kichujio ambacho Rails hukiendesha kabla ya update. Kichujio cha before_action kikishaandika jibu, Rails haiiti update tena. Thamani ambacho kichujio kinarudisha haijalishi. Kinachozuia ni jibu kuwa limeandikwa. Ukaguzi wa ruhusa uweke huko kila mara, hata kama kontrola (darasa lenye methodi zinazojibu maombi) ina methodi moja tu.

Misimbo ya majibu nayo isipuuzwe. update ikishindwa kwa sababu ya uhalalishaji, andika `render :edit, status: 422` (data haikukubalika). Ukiacha 200 (mafanikio), Turbo, maktaba ya JavaScript inayokuja na Rails 7 na kutuma fomu, haitaonyesha fomu yenye makosa. Italalamika kwenye konsoli ya kivinjari kwamba jibu la fomu lilipaswa kuelekeza kwingine. Baada ya kufuta, andika `redirect_to vitabu_path, status: 303`. Kwa 302, ombi la DELETE lililotumwa kwa JavaScript linaweza kufuata anwani mpya likiwa bado DELETE, ilhali 303 huligeuza kuwa GET.

Kisha andika jaribio, na hapa nasisitiza: kukagua jibu peke yake hakutoshi. Tuma ombi kama mtu asiye mmiliki, hakikisha umepata 302, halafu ita `kitabu.reload` ili kisomwe upya kutoka hifadhidata na ulinganishe jina la kitabu na lile la mwanzo.