Mchoro haukuniambia kuwa 9 ni marehemu

Chama kimoja cha akiba na mikopo kilinikabidhi mfumo wa hifadhidata ambao aliyeutengeneza alikwisha ondoka. Majedwali 74, maelezo hakuna. Nikaendesha SchemaSpy, programu inayosoma hifadhidata na kuichorea ramani, na muda si mrefu nikawa na kurasa zenye michoro, aina za data na funguo zote. Nikaona kazi imekwisha.

Wiki hiyo hiyo nikatuma ujumbe wa kuwakumbusha wanachama madeni. Jedwali la wanachama lilikuwa na safuwima iitwayo hali, yenye 0, 1, 2 na 9. Mchoro ulionyesha tu kwamba ni namba nzima, na hairuhusiwi kuachwa tupu. Kumbe 9 ni marehemu. Ujumbe ukaingia kwenye simu walizobaki nazo wafiwa. Karani wa chama, mama wa makamo anayewajua wanachama kwa majina, ndiye aliyeniita kunieleza. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana nakusihi uandike maana ndani ya hifadhidata yenyewe. Kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ni mstari mmoja:

COMMENT ON COLUMN wanachama.hali IS '0 anasubiri, 1 hai, 2 amejitoa, 9 marehemu';

Ukiandika \d+ wanachama ndani ya psql, sehemu yake ya kuandikia amri, utayaona maelezo hayo, pg_dump, chombo chake cha kutoa nakala, huyabeba, na SchemaSpy huyachapa kando ya safuwima. Faili la Word lililo kwenye kompyuta ya mtu halina bahati hiyo.

MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, inataka uangalifu zaidi. Maelezo huingia kupitia ALTER TABLE ... MODIFY, na hapo lazima urudie ufafanuzi wote wa safuwima. Ukisahau NOT NULL (isiachwe tupu) au DEFAULT (thamani ya kuanzia), vinapotea bila onyo. Endesha SHOW CREATE TABLE kwanza ili uone ufafanuzi uliopo, nakili mstari mzima wa safuwima, ndipo uongeze COMMENT.

Usihangaike na safuwima ya jina, inajieleza. Anza na namba zenye maana ya kificho, tarehe mbili zinazofanana, na fedha: kiasi hiki kina riba ndani yake au bado? Majibu hayo mara nyingi hayamo kwenye msimbo. Mimi nilikaa na yule mama asubuhi tatu, yeye akisimulia, mimi nikiandika amri. Safuwima ya kwanza aliyotaka tuianze ilikuwa hali.