Uliza Tukujibu: Mbio za farasi, mbona wananchi hatuendi?

Tangu tuguse habari ya Kenya Derby, ile mbio kubwa ya farasi pale Ngong Racecourse Nairobi, toleo lililopita meseji zimekuwa nyingi, zingine za matusi kidogo lakini sawa tu, tumechagua nne.

Mhariri mambo vipi. Mimi ni wa Rongai, kazi yangu ni kuweka spika na tenti kwa sherehe. Kuna siku nilipata kazi Ngong Racecourse nikabaki mdomo wazi, kiwanja kizuri hivi na marafiki zangu wote hakuna hata mmoja amewahi kuingia! Sasa nauliza, mbio za farasi zifanywe nini ndo mwananchi wa kawaida azipende kama mpira? Ama zishakuwa za matajiri na wazungu basi?

Kijana wetu, mambo poa. Historia ipo na hatuwezi kuificha. Mbio zililetwa hapa na masetla mwanzoni mwa miaka ya 1900, kiwanja kikawa kule upande wa Kariokor, ndo maana mpaka leo kuna Racecourse Road na watu wanapita hapo kila asubuhi bila kujiuliza hao farasi walienda wapi. Walihamia Ngong Road 1954. Tena sehemu nyingi za nchi zilikuwa na mbung'o wanaoambukiza farasi ugonjwa, kwa hivyo farasi hakuwahi kuwa mnyama wetu wa boma kama punda na ng'ombe, kwa hivyo mzee alikua akijua hayo ni mambo ya wazungu na watoto wake wakarithi hivohivo.

Lakini mi naona historia inasingiziwa sana. Mpira nao si ulikuja na haohao? Na mahali penyewe watu hawapaogopi, angalia Concours d'Elegance, lile shindano la magari na pikipiki za kung'arishwa, linafanyika kiwanja hichohicho na watu wanaenda na watoto wao, wanavaa vizuri, wanapiga picha mpaka simu zinaisha chaji. Kwa hivyo geti sio shida.

Shida ni kwamba mtu akishafika hajui anamshangilia nani. Mbio ya mita 1200 inaisha dakika moja na kitu, hata Derby yenyewe ya mita 2400 ni kama dakika mbili na nusu hivi, alafu unakaa karibu nusu saa ukingoja ingine. Shabiki wa Gor Mahia anaweza kukaa kwa jua saa tatu nzima timu ikicheza vibaya coz ni timu yake, anajua nani alikosa penalti mwaka juzi na bado hajamsamehe. Wewe ukiona farasi namba 4 unajua nini juu yake? Hujui chochote, na ukiulizwa baada ya wiki hutakumbuka hata jina.

Nikupe mfano wa Japani. Mji wa Kochi ulikuwa na kiwanja kidogo cha mbio ambacho kifedha kilikuwa karibu kufungwa. Hapo kulikuwa na farasi jike anaitwa Haru Urara ambaye alikuwa hashindi, yaani hashindi kabisa, mpaka anastaafu alikuwa amekimbia mara 113 na kushindwa zote 113. Mwaka 2003 hadithi yake ikaingia magazetini na kwa tivii, watu wakampenda kwa vile hachoki kujaribu, wakaanza kununua tiketi za kumbetia na kuziweka kama hirizi ya kuzuia ajali barabarani. Machi 2004 joki maarufu kuliko wote Japani, Yutaka Take, akampanda, uwanja ukafurika, na bado akamaliza wa kumi kati ya kumi na mmoja. Watu walishangilia! Hapo hakuna aliyefundishwa sheria za mbio, walipewa tu mtu wao, sijui niseme farasi wao.

Sasa sisi hadithi tunazo. Kuna Patsy Sercombe ambaye ni mama na ni kati ya wakufunzi wakubwa wa farasi hapa nchini, na Lesley Sercombe anapanda, wanawake kwenye mchezo ambao sehemu nyingi duniani umejaa wanaume. Ukiuliza darasa lolote la shule ya upili kama wanawajua, sidhani utaona mikono. Na saisi je? Huyo ndo anaamka gizani kumlisha farasi, anamsugua, anajua leo amekula vibaya au kwato inamsumbua, na akiwa na farasi anaongea naye Kiswahili. Mi ningeanza na huyo. Mpe mtu simu arekodi vidio ya dakika moja kila asubuhi zizini, saisi aseme huyu anaitwa nani, ana hasira gani, wiki jana alifanyaje. Alafu Jumapili mtangazaji wa Kiswahili ashike maiki, lakini yule wa kweli wa redio anayekufanya usimamishe kazi ukisikia mpira, sio mtu wa kusoma namba tu.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa spika, usiwashauri walete msanii mkubwa. Watu watakuja kumwona msanii na wataondoka na msanii. Muziki ukae kwenye ile nusu saa ya katikati, unyamaze farasi wakitoka. Hong Kong wanafanya vizuri hapo Happy Valley, mbio za Jumatano usiku katikati ya maghorofa, mtu anatoka ofisini na dola 10 za Hong Kong anaingia, anakunywa, anasikiliza bendi, anaona mbio. Taa za usiku ni ghali sijakataa, lakini Jumapili mchana unashindana na kanisa na Ligi ya Uingereza kwa wakati mmoja, hiyo vita ngumu.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mombasa. Watoto wanatamani kweli kuona mbio za farasi lakini baba yao kasema hizo ni kamari tu hatuendi. Yuko sawa?

Marahaba mama. Kamari ni haramu hapo hatubishani na baba watoto, lakini mbio zenyewe ni kitu kingine, kuna hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayojulikana kwamba zawadi ya mashindano inafaa kwenye ngamia, farasi na kulenga mishale. Muulize sheikh wenu awape undani. Dubai World Cup ipo tangu 1996, zawadi yake ni mamilioni ya dola na kubeti hakuruhusiwi kabisa, watu wanabashiri bure tu na anayepatia anapewa zawadi.

Na mbona twende mbali, nenda Lamu wakati wa Maulidi uone mbio za punda pale mbele ya bahari. Vijana wanapanda bila tandiko, mji mzima umesimama pembeni unapiga kelele, na punda huyohuyo jana alikuwa anabeba mawe na mchanga, kila mtu anamjua ni wa nani! Hawa Ngong wangetuma mtu akakae Lamu wiki moja ajifunze.

Farasi si wanapigwa viboko? Mbona mnasifia?

Swali zuri na wenye mchezo wasipolijibu vijana hawatakuja. Uingereza tangu 2023 joki haruhusiwi kumchapa farasi zaidi ya mara sita kwenye mbio za tambarare, na saba kwenye za kuruka viunzi, na fimbo imevikwa sponji. Grand National, ile mbio yao kubwa ya kuruka viunzi, nayo 2024 walipunguza farasi kutoka 40 hadi 34 kwa ajili ya usalama. Mi bado naona sita ni nyingi.

Nikienda mara ya kwanza niangalie nini nisionekane mshamba?

Wote ni washamba mara ya kwanza. Usikimbilie jukwaani, simama kwanza kwenye ile duara farasi wanapozungushwa na masaisi kabla ya mbio. Angalia ngozi kama inang'aa, masikio kama yako mbele, na kama shingo imeshalowa jasho kabla hata hajakimbia huyo ana wasiwasi. Kwenye programu utaona kilo, mbio nyingi farasi hodari anabebeshwa uzito zaidi ili wanyonge wapate nafasi, na joki akiwa mwepesi anaongezewa vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko. Joki akimaliza anapimwa tena kwa mizani, uzito ukipungua ushindi unaweza kwenda. Mbio ni Jumapili lakini sio kila Jumapili kwa hivyo hakikisha tarehe, alafu mjini panda 111 umwambie konda akushushe Racecourse.