Jibu: Mpelelezi asiyeamini mizimu aanzie wapi?

Ndugu uliyeuliza mpelelezi asiyeamini mizimu aanzie wapi anapokuta maiti ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani, huku wenye nyumba wakiapa kwamba wamekuwa wakisikia nyayo na kuona vivuli usiku, ningeshauri aanze na mwili wenyewe. Moyo ukisimama, damu huteremka na kutuama upande wa chini, na ngozi ya hapo hupata madoa ya zambarau; ikiwa marehemu amelala chali lakini madoa yako kifuani, basi kuna mtu aliyemgeuza saa kadhaa baada ya kufa.

Madoa yakiwa mekundu ya kung'aa, akague jiko na bomba la moshi bila kuchelewa, ingawa baridi kali nayo huweza kuleta rangi hiyo. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto usioungua vizuri na ambayo ndiyo huleta wekundu huo, haina rangi wala harufu, na kabla ya kuua humwumiza mtu kichwa, humchanganya akili, na wakati mwingine humwonesha visivyokuwepo. Kwa hiyo asiwadharau wenye nyumba: huenda vivuli waliviona kweli, na hewa ileile iliyowatia hofu ndiyo iliyoua.

Kuhusu mlango, nadhani watu huupa uzito kupita kiasi. Mara nyingi tunajua ulikuwa umefungwa kwa sababu tu aliyeuvunja alisema hivyo, naye ndiye aliyeingia wa kwanza, akiwa na nafasi ya kudondosha ufunguo sakafuni kabla wengine hawajafika.