Mlonge haushibishi mahindi

Swali: Habari afisa. Mahindi yangu yana wiki nne na majani yanageuka zambarau. Nimenyunyiza mara mbili maji ya mlonge niliyouziwa sokoni, kifuniko kimoja kwa pampu. Hakuna badiliko. Niongeze kipimo? Mama wa nusu ekari, Luanda, Vihiga.

Jibu: Usiongeze, mama. Kama zambarau imeanzia majani ya chini, kwenye ncha na kingo, mahindi yako yana njaa ya kirutubisho kiitwacho fosforasi.

Hapa ndipo wengi hunichosha. Maji ya mlonge si mbolea! Majani yake machanga yana zeatini, homoni inayochochea seli kugawanyika na kuchelewesha majani kuzeeka. Kuchochea mmea wenye njaa ni kumpigia ngoma mtu aliyelala bila kula: atacheza kwa nguvu zipi? Wala homoni si sukari ya chai, ikizidi, hudumaza.

Ukitaka kuijaribu kwenye mimea iliyoshiba, twanga majani machanga na maji kidogo, kamua kwa kitambaa, kisha changanya sehemu moja ya juisi na 30 za maji. Kwa pampu ya lita 20 ni kama mililita 650. Nyunyiza jioni ya siku hiyohiyo, maana ikilala inachacha. Hiyo chupa yako ilikaa kwenye rafu miezi mingapi?

Udongo mwingi wa huko ni wa tindikali. Humo chuma na alumini hung'ang'ania fosforasi, mizizi isiipate. Ukiimwaga juu sasa haitasaidia sana, kwani haitembei udongoni. Peleka udongo KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, upimwe. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikiwa chini ya 5.5, tia chokaa kabla ya msimu ujao, na TSP, mbolea ya fosforasi, shimoni siku ya kupanda. Kuna watakaokwambia majani ya Tithonia, kile kichaka cha maua ya njano, yatosha kuwa mbolea. Kwa nitrojeni Tithonia ni nzuri mno, mimi mwenyewe huitumia. Lakini mfuko wa kilo 50 wa TSP una kama kilo 10 za fosforasi; kuzipata kwenye majani makavu ya Tithonia utabeba zaidi ya tani mbili na nusu. Kwa mgongo wa nani?

Sasa wamezuka wenye chupa moja inayokuza, inayotibu na kuua viwavijeshi. Kinachouzwa kuua wadudu ni dawa, na hapa Kenya dawa husajiliwa na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu. Soma lebo. Ukikosa nambari ya usajili, kilichomo na tarehe, mrudishie muuzaji chupa yake, na akikwambia ni siri ya babu, mwambie akanyunyizie shamba la babu.