Baridi ya Juni Tabora: jiko libaki nje, watoto wakae juani

Tabora iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na mwezi wa sita na wa saba alfajiri huwa na baridi ya nyuzi 15 au pungufu. Ikifika saa nne jua limeshakolea, na mchana sweta zote zimevuliwa. Kwa hiyo baridi yetu ni ya saa chache za usiku, na ndizo saa ambazo watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Tafadhali msiliingize.

Wengi husubiri moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo walibebe ndani wakidhani sasa ni salama. Makaa hayo mekundu bado yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huzidiwa mapema. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi, na makaa yaliyofunikwa majivu yanaendelea kuitoa. Mkiamka wote chumba kizima vichwa vinauma, mna kizunguzungu na kichefuchefu, msianze kufikiria malaria. Tokeni nje kwanza, wote, kisha nendeni hospitali. Maziwa hayaiondoi gesi hiyo, msipoteze muda kuyatafuta.

Joto la usiku litafutwe kwenye nguo: nguo mbili tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, pamoja na soksi. Ukitaka kujua kama mtoto anasikia baridi, mshike shingoni kwa nyuma au kifuani. Viganja vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Kichanga asifunikwe blanketi zito likamfika usoni. Kibatari kisiwekwe karibu na chandarua hata kidogo.

Kuoga kuhamishieni saa nane mchana. Kwenye beseni hutangulia maji ya baridi, ndipo ya moto yaongezwe, yakorogwe, na kupimwa kwa kiwiko. Ajali nyingi hutokea kwa kuanza na ya moto: mama anageuka kuchukua ndoo, mtoto ameshatumbukiza mkono au ameketi humo. Akiungua, vua nguo isiyoganda kwenye ngozi, mwagilia maji safi ya kawaida kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga na mafuta hushikilia joto na kuchafua kidonda. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chake, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, mpelekeni hospitali.

Mchana sasa ni wa kazi za pamoja, na kiangazi hiki hakuna iliyo bora kwa watoto kuliko kuandaa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Michembe, ambayo nayo ni viazi vitamu vya kukausha, humenywa viazi vikiwa vibichi, kwa kisu kikali. Matobolwa huchemshwa kwanza, na vikishapoa kabisa ganda hutoka kwa vidole, kwa hiyo hata mwenye miaka minne anamenya. Mkubwa akate vipande visivyozidi unene wa kidole cha mtoto. Wadogo wavipange juu ya mkeka au mwamba safi, visilaliane. Vinene hukauka nje tu, ndani vikaota ukungu. Kabla jua halijazama vianuliwe vyote, maana umande wa usiku mmoja unaharibu kazi ya siku mbili. Vimekauka pale kipande kinapovunjika kwa mlio, badala ya kupinda.

Kubangua karanga nako ni kuzuri, kunafundisha kuhesabu na kuchambua. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitengwe na kutupwa, maana sumukuvu hujificha humo na kukaanga hakuiondoi. Kuku nao wasipewe. Walio chini ya miaka mitano wabangue mbele ya mtu mzima, na wao wale zilizotwangwa, kwa kuwa punje nzima huteleza ikaziba njia ya hewa. Ikimkaba aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja.

Na asali yetu ya miombo, tamu kama ilivyo, mtoto asionjeshwe kabla hajatimiza mwaka, hata tone la kutuliza kikohozi. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la kichanga haliwezi kuvizuia, vikampooza misuli.