Lori la nitro kwenye vumbi letu: kabla hujatoa pesa yako

Haupiti mwezi bila kijana kuniuliza swali lilelile kuhusu malori ya nitro, yale madogo ya mchezo ya kuendesha kwa rimoti, yenye injini ya mafuta: "Mzee, lori gani la nitro ni gumu kuliko yote?" Anataka nimtajie jina moja akaagize. Mimi humrudishia swali: ukivunja mkono wa mbele unaoshika gurudumu Jumapili hii, Jumapili ijayo utacheza? Kama kipuri kinakuja kwa wiki sita, hilo lori kwako si gumu, hata lingejengwa kwa reli ya gari moshi.

Nimeharibu injini mbili na difu nyingi (zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) hapa Kampala, kwa hiyo ninayoandika yamenigharimu.

Kwanza jua unataka kufanya nini nalo. Wanaotaka kucheza rafu, yaani kurusha lori juu ya vichuguu, kupita kwenye matofali na nyasi ndefu, wanahitaji lile la magurudumu makubwa, lenye tumbo juu, gia mbili na rivasi. Traxxas T-Maxx iliyotoka mwaka 1999 ndiyo iliyowafundisha wengi mchezo huu, kisha mwaka 2004 kampuni hiyohiyo ikaleta Revo. HPI Savage nayo ni ya ukoo huohuo, na chesi yake ni bamba mbili za alumini zilizosimama wima, injini katikati. Ukiona Savage iliyochakaa, mara nyingi bamba bado nzima na vingine vyote vimebadilishwa.

Wanaotaka mashindano wanahitaji kitu kingine: truggy, lori la mbio la kipimo cha 1/8 (moja ya nane ya gari halisi), pana, imelala chini, gia moja, haina rivasi, difu tatu, injini ya sentimita za ujazo 3.5. Kuiwasha unaikalisha juu ya boksi lenye mota inayosugua gurudumu la injini kutoka chini. Hilo boksi ni pesa nyingine, na watu husahau kulihesabu. Je, lori moja linaweza kufanya yote mawili? Truggy huvumilia rafu vizuri, maana imeundwa kwa kuruka. Lori la magurudumu makubwa ukilipeleka kwenye mashindano litabingirika kila kona na utatumia siku nzima kuomba watu wakusimamishie. Ukiwa na wenzako wanaoshindana, chukua truggy. Ukiwa peke yako na kiwanja cha mpira cha mtaa, chukua lile lenye rivasi, la sivyo kila likijichomeka kwenye ua utatembea kulifuata.

Sasa suala la chuma. Wanaoanza hupenda alumini inayong'aa, wanabadilisha mikono yote kabla hata lori halijaguswa na vumbi. Msifanye hivyo. Mkono wa nailoni ukigonga jiwe hupinda kisha unarudi. Ukizidiwa unavunjika, na ndio wa bei rahisi kuliko vyote. Wa alumini hupinda ukabaki vilevile, au unakataa kupinda na kulipitisha pigo nyuma yake hadi kwenye boksi la difu. Chuma kitafute ndani: meno ya difu, kengele ya klachi, shafti za magurudumu. Na kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma itie gundi ya skrubu, ile ya buluu. Mtikisiko wa injini hizi hufungua nati usiku kucha kama mwizi.

Lakini hapa kwetu mikono siyo inayomaliza watu. Ni vumbi.

Lile vumbi jekundu la barabara zetu za changarawe ni laini kama unga wa muhogo, na gumu kama msasa. Injini yangu ya kwanza ilikufa baada ya galoni moja tu ya mafuta. Nilipofungua filta ya hewa, sponji ilikuwa safi kwa macho. Nikachungulia ndani ya ile shingo ya mpira inayoingia kwenye kabureta, nikaona mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, umejichora upande mmoja. Vumbi halikupita kwenye sponji. Lilipita pembeni, mahali shingo ilipokaa vibaya. Mstari ule ndio uliokula injini nzima. Tangu siku hiyo shingo naifunga kwa ile kamba ya plastiki ya kukaza, sponji naipaka mafuta ya filta mpaka ishikane rangi moja, na kila nikitoka nabeba nyingine tatu zilizopakwa tayari ndani ya mifuko. Wakati wa kiangazi nabadilisha baada ya kila tangi tatu au nne. Sponji kavu ni sawa na kutokuwa na filta.

Injini ya pili niliiua kwa ushauri mzuri wa mtu mzuri. Ilikuwa mpya, na ilikuwa imekaza: ukiizungusha kwa mkono inafika juu inagoma. Nikaipeleka kwa fundi wa boda pale Kisenyi, kijana wa Arua, mikono yake najua inafufua Bajaj zilizokufa. Akaifungua, akatazama pistoni.

"Bosi, hii haina ringi!"

"Ndivyo ilivyo."

"Na imekaba. Tupige msasa kidogo."

Tukapiga. Ikawa laini, inazunguka kama beringi mpya, tukafurahi sote. Haikuwaka tena kamwe. Nilikuja kuelewa baadaye: silinda ya injini hizi imechongwa kwa mteremko, juu nyembamba kuliko chini, na pistoni hukaza pale juu kwa makusudi kwa sababu haina ringi ya kuziba mgandamizo. Ikipata moto silinda inatanuka na kukaza kunapungua. Tulichokiondoa kwa msasa ndicho kilichokuwa mgandamizo wenyewe. Simlaumu fundi, mimi ndiye niliyekuwa na kitabu cha maelekezo nyumbani, sijakisoma.

Kwa hiyo injini mpya hailainishwi kwa msasa, inalainishwa kwa mafuta mengi. Tangi tano mpaka nane za kwanza iache inywe sana, itoe moshi mzito wa buluu, usiibane mbio. Pasha kichwa chake moto kwanza kama unaweza, hata kwa kikausha nywele.

Na mafuta yenyewe? Hapa ndipo ningeanzia kama ningekuwa naanza leo. Haya siyo petroli. Ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, na malori mengi hutaka nitromethani asilimia 20 mpaka 30. Petroli ya boda, hata ukiichanganya na oili, haitawasha, kwa sababu plagi ya injini hizi haitoi cheche: ina waya mdogo wa platinamu unaobaki mwekundu kwa kukutana na methanoli. Mafuta haya ni mzigo hatari, kwa hiyo usidhani shangazi yako anayetoka Uingereza atakuletea galoni kwenye sanduku lake la ndege. Huja kwa meli hadi Mombasa, kisha barabara kupitia mpaka wa Malaba au Busia. Jipangeni watu wanne mgawane katoni. Galoni ni lita 3.8 hivi, tangi la mililita 150 linakupa kama mara 25, na kila tangi ni dakika kumi hivi za mchezo. Piga hesabu hiyo kabla ya kupenda lori. Ukiona haikufai, nunua la betri, hakuna aibu.

Kopo lifunge muda wote, methanoli hunywa unyevu wa hewa, na Novemba yetu ya mvua mnaijua. Lakini kuna jambo lingine silifanyii mzaha. Mwaka 2010 kule Kabale watu wengi walikufa kwa waragi, ile pombe kali yetu, iliyotiwa methanoli. Ndiyo hiyohiyo iliyo ndani ya galoni lako. Usiyahamishie mafuta haya kwenye chupa ya soda wala ya waragi, hata kwa nusu saa, hata kama umeandika juu. Tena ikishika moto mchana mwali wake hauonekani. Utashangaa tu mbona mkono unaungua.

Kuhusu kuseti kabureta, vitabu vingi vya maelekezo havikuandikwa kwa ajili yetu. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo sindano (skrubu inayopima mafuta) iliyowekwa kiwandani mara nyingi inamwaga mafuta mengi mno. Kaza kidogo kidogo, robo ya robo ya mzunguko, kisha kimbiza na utazame moshi. Lazima uonekane. Ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, injini itakohoa na kulegea, utakaza tena. Kupanda hakuui injini. Kushuka ndiko kunakoua: ukirudi Kampala na ile seti ya Kabale, injini inapata hewa nyingi kwa mafuta machache, inakimbia vizuri ajabu kwa dakika mbili, halafu inakwama. Fungua sindano kabla hujaiwasha. Kipimajoto kikisoma kati ya nyuzi 100 na 120 kichwani, uko salama. Kama huna, dondoshea tone la maji juu ya kichwa: likichemka na kuisha taratibu, sekunde tatu hivi, sawa, likiruka papo hapo, zima.

Kuzima ni kubana mpira wa mafuta. Jifunze kabla ya kuwasha. Na betri ya risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) iwe imejaa, na ile seti ya rimoti ya kushika breki mawimbi yakikatika uipime lori likiwa limeinuliwa magurudumu hewani. Langu moja liliishiwa betri mbio likaenda kumalizia safari kwenye magunia ya makaa ya mama mmoja. Nililipa gunia, na bado hupita kwake nikisalimia kwa mbali.

Ukinunua lililotumika, usidanganywe na bodi iliyopakwa rangi jana. Toa plagi, zungusha injini kwa kidole pole pole ikiwa baridi. Pale juu inapaswa kukaza, usikie inakataa kidogo. Ikipita juu bila kukushika hata kidogo, hapo unanunua chesi na magurudumu, na bei iwe ya chesi na magurudumu. Kisha vuta kila gurudumu pembeni kusikiliza beringi, fungua filta, uchungulie ndani ya shingo. Kama kuna mstari mwekundu, mshukuru muuzaji, urudi nyumbani.